Kuitunza Akili Tungali na Nguvu



Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na Askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers. Sasa twaikaribia yubile ya miaka 100. Katika siku za namna hii watu hupenda kuwaendea wazee na kuwauliza habari za kale. Kanisa la kwanza la kijiji hiki lilijengwa na nani? Njaa ya Mtunya, ile ya mwaka 1918 hata 1920, iliwakuta babu zetu wapi, nao walikula nini? Maana katika Ugogo habari nyingi hazikuandikwa vitabuni. Zimewekwa katika vichwa vya watu. Miaka ilihesabiwa kwa majina ya njaa, na ayajuaye majina hayo ni mzee. Kwa hiyo mzee apatwapo na ugonjwa wa kusahau, nyumba yake yapata msiba wa mapema, na ukoo mzima wapungukiwa na mambo ambayo hayatapatikana tena mahali pengine.

Tumeombwa kusema juu ya ugonjwa huo. Lakini maneno yetu hayawaelekei wazee hasa. Yawaelekea watu wa miaka 40 hata 60, wale wenye kubeba kazi zote za Kanisa na za nyumbani, ambao hujiona wazima na hawana nafasi ya kwenda zahanati. Hao ndio tuwatakao wasikilize.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni jambo la kila mtu, wala si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mtu auonapo ufunguo asijue kazi yake. Aulizapo neno moja mara tano katika saa moja. Apoteapo katika njia ya kisimani aliyoipita maisha yake yote. Asipomtambua mwanawe aliyemzaa. Waganga wa hospitali huuita demensia. Namna yake iliyo ya kawaida kuliko zote huitwa kwa jina la mganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza ugonjwa huo mbele ya waganga wenzake mwaka 1906. Namna nyingine hutokana na kuharibika kwa mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya ubongo. Aghalabu hizo mbili huwa pamoja katika kichwa kimoja. Na jambo lililo kubwa kwetu ni hili: katika Alzheimer uharibifu huanza ndani ya ubongo miaka 15 au 20 kabla ya mtu kuonekana mgonjwa. Mzee wa miaka 75 asiyejua jina la mkewe, huenda ugonjwa wake ulianza alipokuwa na miaka 55, hali angali akilima ekari zake na kuongoza ibada.

Watu wengi wetu hudhani kwamba maradhi haya ni ya Wazungu, ambao huishi sana. Sivyo. Katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi, wakatangaza matokeo mwaka 2013: kama watu 6 katika kila 100 walikuwa nao. Hao ni wakulima wa vijijini kama sisi. Na walipoulizwa watu wa huko juu ya ugonjwa huo, wengi walisema ni uzee tu. Hapa kwetu pia twasema, “Amerudi utotoni,” tukanyamaza. Wengine husema neno baya zaidi, kwamba bibi yule mwenye kutangatanga usiku na kuzungumza peke yake ni mchawi. Twajua katika nchi yetu wazee wameuawa kwa neno hilo, na pengine ushahidi wote ulikuwa macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa kuni wa miaka hamsini. Mkristo hana ruhusa ya kulisema neno hilo, wala ya kunyamaza lisemwapo mbele yake.

Sasa tuje kwa habari iliyo njema. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la udaktari la Uingereza, The Lancet, lilitaja mambo 14 yaongezayo hatari ya ugonjwa huu, likasema kwamba kama yote yangeondolewa, ugonjwa ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa watu kama 45 katika kila 100 wanaoupata duniani. Tulipime neno hilo vema. Zaidi ya nusu haimo mikononi mwetu: uzee wenyewe, na mambo tuliyozaliwa nayo. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumwambia mgonjwa kwamba amejitakia. Lakini 45 katika 100 si kidogo. Mkulima wa Bahi angeambiwa kwamba aweza kuiokoa karibu nusu ya mtama wake kutoka kwa ndege, asingelala.

Katika mambo hayo 14, moja twalitanguliza mbele ya mengine yote, nalo ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Twalitanguliza kwa sababu ni la wengi, halina maumivu, kulipima ni rahisi, na dawa zake zipo. Kila mtu wa nchi hii amekwisha kuliona korongo wakati wa masika. Miezi saba au minane ni mchanga mkavu. Kisha mvua hunyesha milimani, maji huja kwa nguvu, yakazila kingo pande zote mbili, na shamba lililokuwa mbali likajikuta ukingoni. Damu isukumwayo kwa nguvu kupita kiasi huifanyia mishipa midogo ya ubongo kazi kama hiyo. Huivunja hapa, huiziba pale, kidogo kidogo, wala mwenye nayo hasikii kitu. Siku moja huja kiharusi, na hapo kila mtu huona. Lakini kabla ya kiharusi, au pasipo kiharusi kabisa, akili huwa imekwisha kuliwa kingo zake.

Ushahidi wake hatukuutoa mbali na mambo yetu ya sasa, ingawa ulitoka London. Tangu mwaka 1985 waganga huko wamewafuata makarani na watumishi wa serikali zaidi ya 10,000, wake kwa waume, wakiwapima mara kwa mara miaka yote hiyo. Mwaka 2018 walitangaza kwamba wale ambao katika umri wa miaka 50 shinikizo lao la juu lilikuwa 130 au zaidi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na ugonjwa wa kusahau baadaye kuliko wenzao, hata kama hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Na utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2019, wa watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na kuendelea, ulionyesha kwamba wale walioshushwa shinikizo kwa bidii zaidi walipatwa kwa uchache na upungufu wa akili ule wa hatua za mwanzo. Twataja makarani kwa makusudi, maana Dodoma ya leo ni mji wa makarani. Serikali iliazimu kuhamia hapa mwaka 1973. Ilihamia kwa nguvu kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji.

Huku kwetu hali ni gani? Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, kama mtu mmoja katika kila wanne wa umri wa miaka 25 hata 64 alikuwa na shinikizo la juu. Kule Hai, katika wazee wa miaka 70 na zaidi, walikuwa karibu saba katika kumi, na wengi wao hawakujua. Basi tukiwatazama watu walioketi mbele yetu, twajua bila kumpima mtu kwamba wamo wengi. Pengine ni yule mwenye mabega mapana aimbaye sauti ya nne.

Kuna ulinganisho mmoja ambao twapenda kila mhubiri aujue. Watafiti waliwafuata wazee wa Kiyoruba wa mji wa Ibadan, nchi ya Nigeria, na wazee weusi wa mji wa Indianapolis, nchi ya Marekani. Hawa na hawa asili yao ni Afrika Magharibi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: kila mwaka, katika wazee 100 wa Indianapolis, kama 3 walipatwa na demensia, katika 100 wa Ibadan, mmoja na zaidi kidogo. Asili yao ni ya jamaa, ila maisha yametofautiana. Na wale wa Ibadan walikuwa na shinikizo na kisukari kidogo zaidi. Sasa twauliza: sisi wa nyanda hizi za kati tunasafiri kutoka wapi kwenda wapi? Baba zetu waliswaga ng'ombe tangu alfajiri, wakala ugali wa uwele au mtama kwa mlenda na kunde, na nyama wakaipata kwenye sherehe. Sisi twapanda bodaboda kutoka nyumbani hata njia panda, twaketi saa nane juu ya kiti, twala chipsi kwa soda, na jioni twaketi tena. Ugali wa mtama tumeuacha kwa kuuonea haya, kana kwamba ni chakula cha njaa, na watu wa Ulaya wanaununua kwa bei kubwa madukani kama dawa.

Hatusemi kwamba maisha ya kale yalikuwa Bustani ya Edeni. Ndani ya tembe moshi haukuwa na mahali pa kutokea. Ugoro ulipita toka mkono hata mkono. Na pombe ya mtama iliwamaliza watu wengi wazuri. Watoto walikufa. Twasema tu kwamba miguu na chungu cha mlenda vilikuwa mali, nasi tumevitupa pamoja na vile vilivyostahili kutupwa. Shirika la Afya Duniani lawataka watu wazima watembee kwa haraka, au wafanye kazi ya kutoa jasho, dakika 150 kwa juma au zaidi. Mama alimaye Chamwino hutimiza kabla ya chai ya Jumanne. Kasisi mwenye pikipiki hatimizi kwa mwezi. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni.

Kisukari, unene na mafuta mabaya ya damu huenda pamoja na hayo, na dawa yao ya kwanza ni ile ile. Tumbaku haina utetezi. Juu ya pombe twajua kwamba watu wa Dodoma ni wakulima wa zabibu na divai, wala hatukuja kuwaondolea riziki yao; lakini ulevi huua ubongo kwa haraka kuliko uzee. Serikali ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, lakini chupa ndogo hazikosi. Na pigo la kichwa pia limo katika yale 14. Vijana wetu waendeshao bodaboda pasipo kofia ngumu, na mzazi apandaye nyuma akiwa na mtoto katikati, wote wanacheza na akili za miaka ijayo.

Masikio na macho twataka kuyakawilia kidogo, kwa kuwa watu huyadharau. Katika kitabu cha pili cha Samweli tunasoma habari za Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80, aliyealikwa na mfalme Daudi aende kukaa naye Yerusalemu. Alikataa. Sababu zake ni za kustaajabisha: kwamba hawezi tena kupambanua, wala kuonja ladha ya chakula, wala kusikia sauti za waimbaji. Aliona kwamba angekuwa mzigo tu katika karamu ya mfalme. Basi huyo ni kila mzee asiyesikia. Kwanza huomba watu warudie. Kisha huona haya kuomba. Kisha hutikisa kichwa kama aliyesikia. Mwisho huketi peke yake, na akili isiyopewa kazi hulala. Waganga wa siku hizi wamehesabu upungufu wa kusikia ulioanza umri wa kati kuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa za hatari. Mara nyingine ni nta tu, na muuguzi huitoa kwa muda mfupi. Mara nyingine ni kelele za mashine ya kusaga, na mwenye mashine aweza kuziba masikio yake kazini. Na tuseme kwa upendo: vipaza sauti vya kwaya zetu vingepunguzwa nusu, Mungu angesikia vile vile.

Juu ya macho, mahali petu pana historia yake. Katika Kongwa waganga wa macho walifanya uchunguzi wa miaka mingi juu ya vikope, yaani trakoma, ule ugonjwa uzipindishao kope hata zikakwaruza jicho likapofuka. Mwaka 1995 walitangaza kwamba kuwaosha watoto nyuso zao kulipunguza vikope vikali katika vijiji vile. Hospitali yetu ya Mvumi nayo yajulikana kwa kazi ya macho. Mtu aliyeondolewa mtoto wa jicho hurudi kusoma, kutembea, kushona na kuwatambua watu kwa nyuso zao. Upofu usiotibiwa umo katika yale 14, nao huwatia wazee katika upweke.

Na upweke ni jambo zito. Vijana wamehamia mjini. Mama amebaki kijijini na mjukuu mmoja na kuku. Yatubidi kukiri kwamba simu ya Jumapili haitoshi. Kanisa limekuwa na kinga hiyo tangu mwanzo bila kuiita kinga: kwaya, jumuiya za nyumba kwa nyumba, akina mama kutembelea wagonjwa. Aimbaye kwaya hukumbuka maneno, hufuata sauti za wenzake, hutembea kwenda mazoezini, na akikosa juma moja huulizwa yuko wapi. Sisi hatujui dawa iliyochanganywa vizuri kuliko hiyo. Lakini tumeanza kuifanya kwaya kuwa ya vijana peke yao, na watu wa miaka 50 huambiwa waketi wasikilize. Hilo twaliona kuwa kosa.

Kuna masista wa shirika moja la Kikatoliki huko Marekani, masista wa Notre Dame, 678 kwa idadi, waliokubali kuchunguzwa katika uzee wao, na kutoa ubongo wao upimwe baada ya kufa. Kazi hiyo ilianza mwaka 1986 chini ya mtaalamu David Snowdon. Ilionekana kwamba wale ambao katika ujana waliandika habari za maisha yao kwa mawazo mengi yaliyoshikamana, walipatwa kwa uchache na ugonjwa walipozeeka. Tena baadhi yao ubongo wao ulikutwa umejaa alama za ugonjwa, nao walikuwa wamekufa wenye akili timamu. Wataalamu huita jambo hili akiba ya akili. Mgogo halihitaji kuelezwa. Njaa huwafikia wote. Lakini mwenye ghala lililojaa huanza kuiona baadaye kuliko jirani yake. Ghala hili hujazwa kwanza utotoni, shuleni, na ndiyo maana kumnyima msichana shule ni kumnyima na uzee wake. Lakini halifungwi. Wakristo wa kwanza wa nchi hii wengi wao walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, kwa kuutaka ubatizo. Mwaka 1970 ulipofanywa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mabibi waliketi madawati ya wajukuu wao. Mtu wa miaka 50 na ajifunze ala ya muziki, au lugha, au hesabu za ushirika, au ayaandike majina ya njaa na maana zake kabla hayajasahauliwa.

Je, mambo hayo yakifanywa pamoja yafaa kitu? Huko Finland walijaribu kwa watu 1,260 wa miaka 60 hata 77, wenye hatari ya ugonjwa. Nusu yao walipewa kwa miaka miwili chakula kizuri, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na kuangaliwa shinikizo na sukari. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: uwezo wa akili zao uliongezeka kuliko wa wale wengine waliopewa mashauri ya kawaida tu. Tofauti haikuwa kubwa mno, na miaka miwili haitoshi kuthibitisha kwamba ugonjwa wenyewe umezuiwa. Lakini hao walianza baada ya 60, nasi twasema na watu wa 45.

Kwa hiyo twaleta ombi moja tu, wala si kumi na manne. Kila parokia na iwe na kipimo kimoja cha shinikizo la damu, cha mkono wa juu, nacho kikae kwa mtu aliyefundishwa na muuguzi. Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, wapimwe wote waliopita miaka 40, na makasisi wawe wa kwanza, ili wanaume wasiseme kwamba ni mambo ya wanawake. Mtu aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Apimwe mara mbili, na hesabu iandikwe katika daftari lake, si katika tangazo la kanisa. Aliyepata 140 juu, au 90 chini, au zaidi, na apelekwe zahanati akapimwe tena siku nyingine. Akipewa dawa, ni ya kila siku, hata ajisikiapo mzima. Hapo ndipo wengi huacha, kwa kuwa hawaumwi. Na hapo ndipo mke, au mume, au mzee wa kanisa wa mtaa, apaswapo kumwuliza kila juma kama amekwisha kumeza.